Kezia Namwoa Hata Ukikata Simu

Nyakitonto,
Wilaya ya Kasulu,
Kigoma.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Kipriani,

Mwidiwe, kwa salamu ya kwetu, huko Morogoro. Habari za miwa, za mkeo, na za lile goti lako? Sisi huku tumeamka, maharage yamekauka vizuri, na mimi kaka yako bado napasua kuni mwenyewe huku vijana wakiota jua.

Naandika kwa mkono wangu, usicheke mwandiko. Simu umenikatia kila nilipotaja jina la Kezia. Barua haikatwi, utaisoma mpaka mwisho.

Ulisema nimechanganyikiwa kutaka kuoa mjane mwenye virusi. Basi sikia kwangu, maana wewe umesikia kwa jirani Sylvesta tu.

Nilimposa Kezia pale pale anapouzia maharage sokoni. Aliendelea kujaza kopo lake, akasema, "Mzee Ildefonsi, mimi nameza dawa, mwaka wa tatu huu, na kila mtu anajua. Wewe umepima?" Nikacheka. Nikamwambia ugonjwa huo ni wa vijana wa bodaboda, mzee kama mimi utaniingilia wapi. Akasema, "Mlango ule ule uliowaingilia wenzako. Ukishapima, njoo tuongee."

Watu wa afya walipoweka hema kiwanjani, nilikuwa wa kwanza. Sikusukumwa na mtu. Muuguzi Anifa alinichoma kidole, sikupepesa jicho, na Nathaniel wa bodaboda nyuma yangu analia kabla hajaguswa. Sina virusi. Damu ya baba yetu hiyo.

Ila yaliyofuata ndiyo yananiudhi. Nathaniel naye alikutwa hana. Tangu hapo anatembea kifua mbele kama aliyechanjwa, kila akienda Kasulu ana mwanamke mwingine, na kondomu ameacha. Na Sylvesta, aliyejificha kwenye migomba mpaka hema likang'olewa, ndiye anayezunguka kuwatisha watu juu ya Kezia. Yaani anayejua na kumeza dawa ndiye hatari, anayekimbia kujua ndiye salama? Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la pili inanikataa.

Nilimuuliza Anifa waziwazi, Kezia amekaa hapo hapo. Alisema kipimo cha Kezia kinaonyesha virusi vimefubaa, havionekani, na akiendelea kumeza dawa bila kuruka, hataniambukiza nikishamwoa. Mimi natakiwa kurudi kupima tena. Nitarudi, na nitakaa mbele tena. Hapo ndipo Kezia aliponikubalia.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa Sylvesta, ubatizo wa mjukuu wake. Mtungi wa pombe ya ndizi katikati, mirija yetu ya matete ndani. Kezia alipokaribia, wakampa kikombe cha plastiki akanywee kando. Mwanamke huyo huyo aliyemuuguza mke wa Sylvesta mpaka akainuka kitandani.

Nilisimama. Nikampa Kezia mrija wangu, akavuta, nikaupokea nikavuta na mimi bila kuufuta.

Sylvesta akasema, "Ildefonsi, unajiua."

Nikamwambia, "Chomoa wako kama unaogopa. Majibu yangu mimi yanajulikana. Ya kwako yako wapi, bwana?"

Watu wakatazama chini. Sylvesta akachomoa mrija, akaenda kuangalia mbuzi ambao hakuna aliyewaulizia. Mkewe Veronica akaja akaketi pale alipotoka, bega kwa bega na Kezia, akavuta.

Tangazo la tatu kanisani ni Jumapili ijayo, na ndoa ni tarehe sita Julai. Sikuombi ruhusa. Nakuomba usimame upande wangu, maana wa tumbo moja tumebaki wawili. Usipokuja, nitasimama peke yangu, miguu ninayo. Na ukija kunizuia, pitia kwanza kituo cha afya cha huko, upime. Asiyejua ya kwake sitamsikiliza juu ya Kezia.

Msalimie mkeo Esteri na mwanao Tharsisi. Kezia anakusalimu, ingawa maneno yako yalimfikia. Mungu akulinde njiani, akuponye goti, na akulainishe shingo.

Mrija wako wa harusi nimeshaukata mtoni. Nimeuchomeka ukutani juu ya mlango, karibu na wa Kezia.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,
Ildefonsi