Nyota ya Isabela na Macho ya Baba

Masasi, 3 Julai 1956

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, mjukuu wako Ethel ameota jino. Ninyi je? Na kifua cha Mama?

Wiki hii nimefundisha nyota darasani. Unaijua ile nyekundu inayokuwa juu ya nyumba yetu baada ya chakula cha jioni? Baba, jua letu lingewekwa katikati yake, hata dunia ingemezwa humo ndani! Ni nyekundu kwa sababu moto wake si mkali kama wa jua; hata chuma cha mhunzi huwa chekundu kabla hakijawa cheupe. Tena haitulii. Hutanuka na kusinyaa, mwanga nao hupanda na kushuka. Itazame, uniambie.

Mwanao,
Isabela

Mnyambe, 20 Julai 1956

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, kifua cha Mama kimetulia. Ethel mwambie asitung'ate.

Barua yako imenifurahisha mno. Nyota hiyo imefifia hata siioni. Nami nilihofu ni macho yangu, kumbe ni yenyewe inasinyaa! Nimemwambia Mama aache kunisumbua. Mimi ni msomaji wa kanisa; nisipoona nitakuwa nani? Injili nasoma vizuri kila Jumapili, nyingi nimezihifadhi.

Baba yako

Masasi, 1 Agosti 1956

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Jana nilitoka uani na mume wangu Reginald. Nyota inawaka vilevile. Kufifia kwake ni kidogo sana, nilipaswa kukwambia tangu mwanzo. Ni kimbelembele changu cha ualimu. Ni macho, Baba. Naogopa. Hapa yupo daktari anayetoa mtoto wa jicho. Mwalimu Petro alitolewa, sasa anasoma. Njoo kabla hujachelewa.

Mwanao

Masasi, 27 Agosti 1956

Baba, shikamoo. Hujambo? Mbona kimya? Kama umenikasirikia, njoo unikasirikie hapa hapa.

Mwanao

Mnyambe, 10 Septemba 1956

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Anaandika Mama, nasema mimi.

Sikukasirika, niliona haya. Jana kanisani nilipewa barua ya Askofu niisome, kitu nisichokihifadhi. Nikasimama mbele ya watu, kimya. Mama yako akaja akaichukua karatasi, akasoma yeye, tena vizuri (hapa amegoma kuandika, nimembembeleza). Nililia, sikujificha.

Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo kwa lori la Swalehe. Mlete Ethel. Ila nikishuka usisimame kimya kunisubiri nikufuate. Niite kwa sauti, mwanangu, maana sura yako siioni tena.

Baba yako