Vyura wa Bwawa la Kilimatinde

Kilimatinde,
6 Machi 1993

Mwanangu Eliana,
Salamu nyingi. Sisi wazima, miguu yangu tu inasumbua. Baridi ya huko Uskoti unaivumiliaje?

Samaki wote wa bwawa letu wameelea, matumbo mekundu. Wiki hii vyura nao wanakufa, ngozi zinatoka damu. Bwawa liko kimya hadi naogopa kupita. Ni jirani yetu Ezekieli. Tuligombana juu ya mfereji, sasa ametia sumu. Nimeshasema mbele ya watu wote baada ya ibada.

Daktari wa misheni anarudi kwao huko Uskoti. Nimempa vichupa vya samaki na vyura akuletee. Nitafutie ushahidi huko maabara kwenu.
Baba yako

Stirling,
30 Mei 1993

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Mama anaendeleaje?

Si sumu, baba, wala si mzee Ezekieli. Ni virusi. Nimelinganisha kirusi cha samaki na kile cha vyura, nikidhani nitakuta ndugu wa mbali. Vinafanana kama vimetoka tumbo moja. Samaki ndio walioanza kufa, na vifaranga wao tuliwanunua stesheni Manyoni, mimi nikikuhimiza. Siku hizi kila mtu anauza, hakuna anayekagua. Ugonjwa tumeuleta sisi. Tafadhali kamwombe radhi mzee Ezekieli.
Mwanao

Stirling,
2 Agosti 1993

Baba,
Shikamoo. Mbona kimya? Ulienda?
Mwanao

Kilimatinde,
19 Septemba 1993

Mwanangu,
Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Barua yako niliipata Juni. Niliona aibu, nikaificha. Ezekieli alikuwa ameshahamia Mgori, maana mkewe alikatazwa kuchota maji kisimani hapa. Nilipopata moyo wa kwenda, ilikuwa Agosti. Redempta mkewe akanipokea uani, akaniambia mumewe amezikwa mwezi uliopita. Kifua.

Nikamsomea barua yako. Akasema, "Rudia pale panaposema si yeye." Nikarudia. Akawaita watoto, nikasoma tena. Kisha akaniambia, "Sasa nenda ukaisome kule ulikomtaja."

Leo baada ya ibada nimesimama nikaisoma yote. Walinisikiliza hadi mwisho. Tulipotoka, mzee wa kanisa, Samweli, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole yule mjane alinipa chakula gani kule Mgori hata nikageuza maneno yangu.
Baba yako