Filamu ya Saba Inabaki ya Kwanza

Chumba Na. 6,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumanne, 14 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu tele, na za wifi yangu uniongezee. Goti linaendeleaje? Usinidanganye limepona kama bado unashuka ngazi umeshika ukuta. Sisi wazima. Presha yangu imetulia, mdomo ndio bado.

Mpwa wako, yule uliyekuwa ukimlaza kwenye sanduku la mikanda huku ukionyesha sinema, ameajiriwa gazetini. Jina lake linatoka kwa herufi nzito. Nimelionyesha jengo zima. Hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki aliondoka amelisoma mara mbili.

Kazi yake kubwa ya kwanza ni kuzipanga filamu zote kumi na sita za jasusi wetu, Bwana Glovu, kuanzia iliyo bora hadi ya ovyo. Ataikabidhi tarehe thelathini. Basi tumezirudia, moja kila akitoka kazini, mimi na daftari langu. Ya pili imeshuka: yale mabehewa yaliyotutoa jasho kumbe ni ya kuchezea. Ya kumi na moja sitaki kuisikia, jasusi mzima anaimba. Ya saba niliiandika ya kwanza hata kabla hatujaifungua.

Tukaifungua. Kaka, Bwana Glovu anaanguka darajani, maji yanamchukua, glovu moja inaelea, filamu imekwisha. Nikamwambia binti asubiri, bado anarudi na suti kavu, anaketi mezani na kumwomba mkubwa wake chumvi.

Akasema, "Mama, meza hiyo tumeshaiona. Ilikuwa kabla ya daraja."

Nililifunga daftari langu. Siku ile nilipokuja ukumbini kwako kuitazama ya saba nilikuwa na wiki sita za ujane, na mto uliomchukua shemeji yako unaujua. Jasusi alipoomba chumvi, ukumbi mzima ulipiga makofi, nami nikacheka kwa mara ya kwanza. Baadaye nilimsikia mwenye ukumbi akikufokea. Nikauliza kuna nini, ukasema umepitiwa kidogo. Wewe! Uliyeandika namba za mikanda kwa chaki na kuikagua mara tatu, leo uonyeshe mkanda wa mwisho kabla ya unaoutangulia?

Binti anataka kuiweka ya nane, ati filamu hupimwa ilivyotengenezwa. Nimemwambia inabaki ya kwanza, aeleze sababu, na amtaje mjomba wake kwamba alikuwa fundi wa projekta. Amekubali, ila haandiki asilo na hakika nalo. Huo uangalifu kautoa kwangu.

Kwa hiyo nijibu kabla ya tarehe thelathini: ulipitiwa, au ulikusudia? Ukisema ulipitiwa nitajua unanidanganya, na ya saba haishuki hata hatua moja.

Wasalimie wifi na wanangu mapacha. Mungu akutunzie macho hayo na mikono hiyo.

Dada yako akupendaye sana,
Mama Mwandishi
(ndilo jina langu hapa jengoni siku hizi)