Kifo cha Hakimu Macaraig

San Pablo, 4 Machi 1997

Mpwa wangu Maricar,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo lakini ulimi mzima kabisa, jana kamsema padri mpaka padri kaaga. Wewe je? Unakula, au bado mnaishi kwa kahawa huko kwenye chumba cha waandishi?

Tangu uniweke kwenye tamthilia yako niwe Hakimu Macaraig, mtaa umesahau kwamba naitwa Teodulo. Sokoni mimi ni Mheshimiwa. Juzi majirani wawili waliniletea ugomvi wao wa mnazi ulioegemea paa, wakataka hukumu. Niliwaambia mimi ni mwigizaji tu. Wakasema hawana haraka, nifikirie. Nikafikiria, na mnazi umekatwa.

Sasa sikia. Yule mzee wa vifaa vya seti ameniomba picha yangu kubwa, nadhifu, ya kutiwa kwenye fremu. Mama yako anasema itatundikwa ukutani pale mahakamani. Mimi naona Hakimu anapandishwa Mahakama ya Juu. Nimekwenda studio kupiga mpya, nimevaa barong, lile shati langu la harusi. Hebu nidokeze, we mtoto. Sitamwambia mtu ila mama yako, yaani mtaa mzima.

Ni mimi,
Mjomba Dulo

*

Quezon City, 12 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu kwa heshima. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Mwambie Mama anywe dawa, asijifanye daktari.

Mambo ya hapa si mazuri. Kituo kimetuletea msimamizi mpya, Bi Zenaida. Anasema watu hawawashi televisheni ili wasikilize sheria. Anataka yule wakili wetu wa kike apendane na mwendesha mashtaka, kwa sababu mashabiki wa hao wawili wanaleta barua kwa magunia kudai busu. Nilimwambia ni wapinzani kwenye kesi moja. Akanijibu, "Basi wabusiane wakati wa mapumziko." Waandishi wawili wameacha kazi. Ile kesi ya wakulima niliyoihangaikia mwaka mzima imetupwa, na kila hotuba ya Hakimu inakatwa hadi ibaki sentensi moja. Nagombana nao kila siku, Mjomba, na kila siku nashindwa.

Picha yako nimeiona. Umependeza sana. Mengine tutaongea nikija Pasaka.

Mpwa wako,
Maricar

*

San Pablo, 8 Aprili

Maricar,

Hatujambo. Hukuja Pasaka. Mama yako alikuwekea suman, ule wali wa nazi wa kufungwa majanini, mpaka ukachacha. Sasa najua kwa nini hukuja.

Juzi nilikuwa nakula tambi na wenzangu nje ya seti. Dada mmoja wa ofisini akaniwekea kurasa kando ya sahani, akaondoka bila kunitazama. Nikasoma. Hakimu anatoka mahakamani, anapigwa risasi kwenye ngazi, anakufa. Ukurasa wa pili, jeneza. Nikauliza ni lini. Wakasema tukishamaliza kula. Na picha yangu, ile ya barong, ilikuwa juu ya jeneza na maua pembeni. Mzee wa vifaa alijua. Wapishi walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekwenda studio kupiga picha ya matanga yangu huku nikimtania mpiga picha.

Usidhani nalalamika kuuawa. Maisha yangu yote nimekuwa dereva, polisi wa mlangoni, mlevi wa pili kutoka kushoto. Nimepigwa risasi mara nyingi, kwa mbali, mgongoni, bila jina. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kufa nikiwa mtu. Ningejua mapema, ningeishi na kifo kile. Ningejua mkono unashika wapi, na Hakimu anamwaza nani anapoanguka. Badala yake nilidondoka kama gunia la nazi, tambi bado mdomoni, wakasema inatosha, tunawahi jua lisizame. Hicho ndicho watakachokiona watu.

Umeninyima kifo changu. Na kalamu ilikuwa yako.

Mjomba wako

*

Quezon City, 20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Mama kimetulia. Nimepiga simu kwa jirani yenu mara kadhaa, kila mara naambiwa umetoka. Najua hujatoka.

Nilijua tangu picha ilipoombwa. Wametukataza kumwambia mwigizaji yeyote kinachomjia, siri isije ikauzwa magazetini, lakini sijifichi nyuma ya katazo hilo. Nilikuwa nawabembeleza wakuache hai. Nilijiambia nikishinda hakutakuwa na haja ya kukuumiza. Nikashindwa, halafu nikaogopa. Nakuomba msamaha, Mjomba. Naona aibu hata kuandika.

Kuna jingine. Watazamaji wamekasirika. Akina mama wa mtaa wa Tondo waliwasha mishumaa kwenye geti la kituo, wakamsalia Hakimu rozari kama vile alikuwa mtu kweli. Bi Zenaida akatuita. "Si alikuwa na pacha?" Hakuwa naye. Sasa anaye: Melchor, mcheza kamari kutoka Davao, mwenye masharubu, anakuja kumtafuta aliyemuua ndugu yake. Usicheke. Nimemwandika mwenyewe, na nimempa maneno yote waliyomkatia Hakimu. Ukikataa, hawatamleta mtu mwingine, maana sura ni yako. Njoo, tafadhali.

Mpwa wako,
Maricar

*

San Pablo, 29 Mei

Mpwa wangu,

Kifua cha mama yako kimetulia. Mimi pia nimetulia kidogo.

Masharubu nimeanza kuyafuga. Naipenda kazi hii, sina la kujitetea. Barua yako imeniliza, na nimekasirika kwamba imeniliza.

Ila nina swali moja, na usinijibu kwa mdomo wa kituo. Melchor naye atakufa?

Mjomba Dulo

*

Quezon City, 2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, na Mungu awalinde nyote.

Mkataba wangu unanikataza kujibu. Mwezi uliopita mwandishi mwenzetu alifukuzwa kwa kumnong'oneza mwigizaji jambo dogo kuliko hili. Nilitaka kukwambia Melchor ataishi, upate miezi michache ya raha. Nikaona nitakuwa nakufanyia yaleyale.

Atakufa, Septemba, wamekwishaamua. Atakuwa kwenye kiti cha shahidi. Moyo utasimama akiwa anaanza kulitaja jina la aliyemuua nduguye, na jina halitatoka. Sentensi yake ya mwisho nimeikata katikati makusudi. Hakuna neno la kukusaidia hapo, itabidi uimalize kwa uso. Mkono utashika wapi, sijui. Hilo nimekuachia wewe.

Una majira yote ya mvua ya kujiandaa.

Ni mimi, mpwa wako, nitakayekuua,
Maricar