Upande wa Juu wa Msumeno

Jumanne, 4 Machi

Leo msumeno umelia tena. Tangu mwenzangu, mke wangu, azikwe ulikuwa umening'inia ukutani. Niliufunika gunia, maana kila nikipita pale nilikuwa nauona. Msumeno wa kupasulia magogo ni wa watu wawili — mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine chini ya jukwaa. Mtu mmoja hana la kufanya nao, labda aanikie nguo.

Kazi imenitafuta yenyewe. Upepo wa mwezi uliopita uling'oa paa la kanisa na mvua haziko mbali. Wanataka boriti. Mzee wa kanisa amefika kabla sijanawa uso. Waumini wanamwita Mzee Leoleo, kwa kuwa kwake hakuna kesho.

"Fundi, tuanze leo leo."

Nikamwambia sina mtu wa juu.

"Mtu wa juu ameshashuka stendi," akasema.

Kumbe ni shemeji. Kaka yake mwenzangu, yule yule aliyesimama mbele ya watu siku ya mazishi akasema dada yake hakuugua, dada yake alifanyishwa kazi. Hatujasemezana tangu siku ile. Alisikia habari za paa, akampigia mzee simu, akajitolea. Mimi hakunipigia.

Amenipa mkono. Baridi, lakini amenipa. Kisha akauliza, "Yeye alikuwa anashika upande gani?"

Wa juu, nikasema.

"Basi nipe huo."

Atalala kwangu. Nimenoa meno ya msumeno mpaka tupa ikapata moto.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji ana nguvu, ila anasukuma. Msumeno huu hausukumwi. Unavuta zamu yako, halafu unamwachia mwenzio avute, na wakati huo mikono yako inapumzika. Mwenzangu alilielewa hilo siku ya kwanza, akanicheka kwamba nimeoa mwalimu nisijue. Shemeji hajui kuachia. Msumeno unapinda tumboni, mstari unakimbia, vumbi lote linaniingia machoni.

Nimemwambia, shemeji, pumzisha mikono ninapovuta.

"Mimi sikuja kupumzika," akajibu.

Mchana amekataa kukaa. Amekula wima, sahani mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa. Mwenzangu alikuwa akishamaliza kula analala juu ya lile tuta la vumbi la mbao, anaamka nywele nyeupe tupu. Namwambia umezeeka kabla yangu. Ananijibu, "Mvi zangu zinakung'utika. Zako zimeota."

Jambo moja niliandike. Kutoka chini huuoni uso wa mtu wa juu. Unaona nyayo zake na mbingu, basi. Mwenzangu nilimjua kwa nyayo kuliko kwa uso. Kidole chake kidogo cha mguu wa kulia kilimlalia mwenzake, kama mtoto anayesinzia ibadani. Leo nimeinua macho — kidole kile kile, kimelala vile vile. Ilibidi nisimamishe kazi. Nimesingizia vumbi.

Na jingine. Jioni nimekula nikamaliza, nikakwangua sufuria. Miezi hii nilikuwa nakula kwa sababu jirani ananiangalia. Leo nilikuwa na njaa ya kweli, ya mgongoni. Nimemshukuru Mungu kwa njaa. Sikujua kama mtu anaweza kushukuru kwa hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Boriti tatu. Mbili zimenyooka. Hatukuzungumza ila "haya" na "ngoja".

Ijumaa, 7 Machi

Naandika haraka, shemeji yuko nje anaoga.

Nyayo zake zimevimba. Asubuhi sikuwa na hakika, lakini jioni mikanda ya kandambili ilikuwa imezama kwenye nyama. Akipanda na ndoo ya maji anasimama njiani, anajifanya anatazama bonde. Bonde lenyewe lina nini? Mbuzi wawili na nguzo ya simu.

Mwenzangu naye alikuwa anasimama kutazama vitu.

Jana alipokwenda kulala aliniomba mto wa pili. "Huu ni mfupi, shemeji," akasema. Nikaenda kuuchukua. Nikasimama nao chumbani, nimeukumbatia, nisiweze kutoka. Mwenzangu aliomba mto wa pili. Mwaka uliofuata akaomba wa tatu. Mwisho alilala ameketi, ameegemea kifua changu. Daktari wa zahanati alisema moyo wake ulikuwa na tatizo tangu utotoni, na ndugu zake wote wapimwe. Niliwafikishia ujumbe huo siku ya mazishi. Wakasema natafuta pa kutupia lawama.

Leo nimejaribu tena. Nimesema, shemeji, hiyo miguu tukaione kwa daktari.

"Miguu imechoka kwa kusimama. Ya dada yangu haikuchoka?"

Mtu akikuuliza hivyo, kila jibu ni baya.

Jumamosi, 8 Machi

Amepepesuka. Juu ya gogo, urefu wa mtu na zaidi kutoka chini. Nimeona goti likikunjika, halafu likanyooka. Nimeuachia msumeno, nikatoka chini nikimwambia ashuke. Hakushuka. Amekaa pale juu miguu ikining'inia, na ndipo aliposema kilichomleta.

"Nataka kujua alivuta nini. Mimi na yeye ni damu moja. Nikivuta kama yeye nikaanguka, nitajua ni msumeno wako ndio uliomuua. Nisipoanguka, nitasimama mbele ya watu wale wale nikuombe msamaha."

"Ukianguka," nikamwambia, "itakuwa ni kwa kuwa wewe ni ndugu yake, na moyo ni ule ule."

"Tutaona."

"Msamaha wa kununuliwa hivyo siutaki, shemeji."

"Hukuulizwa kama unautaka."

Hapo ndipo tulipo. Mtu amejiweka mwenyewe kwenye mizani, na upande wa pili ameniweka mimi. Nikikataa kuvuta naye, naonekana naogopa ukweli. Nikivuta naye, namvuta kuelekea alikokwenda dada yake.

Jioni Mzee Leoleo amekuja anatazama mawingu kama mtu anayedaiwa nayo. Anataka kesho tufanye kazi. Ameshazungumza na mchungaji. Akanikumbusha kwamba hata ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato anatolewa.

"Na kanisa, fundi, ni huyo ng'ombe wa Bwana."

Nikasema, "Mzee, huyu ng'ombe hajatumbukia. Amesimama tu, hana kofia."

Amecheka. Kisha akaacha kucheka. "Watoto watalowa. Kazi ya Mungu haina likizo."

Nikamjibu kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, wala hakuwa amechoka. Kama kazi ni baraka yake, pumziko nalo ni lake. Siwezi kupokea moja nikamrudishia jingine.

"Yeye hakuwa na mvua mlangoni," mzee akasema.

Shemeji alikuwa anasikiliza. "Mimi nitakuja," akasema.

Mimi siji. Nimewaambia wote wawili. Mwenzangu hakugusa msumeno Jumapili hata mwaka ule tulipokosa chakula, na sitaanza mimi. Lakini niseme kweli hapa, hakuna anayesoma. Siyo Sabato peke yake iliyonikatalia. Nilifikiri, nisipokwenda, naye hatakuwa na wa kuvuta naye. Atalazimika kupumzika. Nilijiona mjanja.

Jumapili, 9 Machi

Naandika hapa hapa kwenye magogo, kwa penseli ya kuchorea mbao. Siwezi kuondoka, wala siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Asubuhi nilikwenda ibadani. Tuliketi kwenye mabenchi, juu yetu mbingu tupu. Nafasi ya shemeji wazi. Kwaya ilipomaliza wimbo wa pili nikasikia sauti kutoka mlimani. Msumeno. Lakini siyo sauti yake ninayoijua, ya kwenda na kurudi. Ilikuwa ya upande mmoja. Inapanda, kimya, inapanda, kimya. Kama mtu anayeuliza swali na hajibiwi.

Nilitoka wakati wa matangazo. Mzee Leoleo alinitazama akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Alidhani nakwenda kazini.

Shemeji alikuwa juu ya gogo peke yake. Anauvuta msumeno mpaka kifuani, anauachia unadondoka kwa uzito wake, anauvuta tena. Haukati hivyo. Meno yanakata yakishuka, yakivutwa na mtu wa chini. Tangu asubuhi alikuwa anainua chuma na kukiangusha, na mbao haijaliwa hata upana wa kidole. Shati limelowa. Midomo ina rangi ya majivu.

Nilipanda. Miaka yote hii sijawahi kupanda juu wakati wa kazi, ilikuwa nafasi ya mwenzangu. Nikaona alichokuwa anakiona: mstari wa mkaa, na kule chini pale ninaposimama mimi. Mwenzangu alikuwa akisema upara wangu unamsaidia kunyoosha mbao. Nilidhani ni mzaha tu. Kumbe ni kweli, ungeonekana katikati kabisa ya mstari.

Sikumnyang'anya msumeno. Niliogopa tutaanguka wote. Nikakaa karibu naye.

"Shuka uvute," akasema. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja.

"Sivuti. Leo hata yeye asingevuta."

"Bado sijajua."

"Hutajua hivi. Wewe umepima kazi yake tu. Kupumzika kwake hujakupima hata mara moja. Hapo unampima mtu mwingine, shemeji, siyo dada yako."

Nilikuwa nasikia pumzi yake inavyokwama. Kisha akauliza, kama mtoto anayeulizia nyumba ya watu, "Jumapili alikuwa anafanya nini?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu. Anarudi ibadani, anavua viatu, anatandika mkeka kivulini, anasema leo mtu asinitume. Nikimletea chai, anasema weka hapo. Inapoa. Anaangalia miti ambayo hatujaikata. Basi."

"Na moyo?"

"Moyo ulikuwa unatulia. Nilikuwa nalaza sikio kifuani pake nikisikiliza. Jumatatu anapanda juu ya gogo anaimba. Daktari alisema kwa moyo ule asingefika miaka aliyofika. Kazi aliipenda, na alijua kuiacha."

Aliuachia mpini. Msumeno ukabaki umesimama ndani ya gogo.

Tumeshuka, yeye mbele, mimi nimeshika shati lake kwa nyuma. Nimempigia daktari simu. Amesema asitembee, asilale chali, nimwinue kichwa, yeye anakuja na gari la misheni. Nimemlaza juu ya tuta la vumbi la mbao, nimekunja koti langu chini ya kichwa. Akanyoosha mkono bila kufumbua macho. Nikajua anachotaka, nikaongeza gunia.

Alisema, "Nikiamka tutakwenda kwa huyo daktari wako." Kisha akasema, "Au nisiende. Sijui." Kisha akalala.

Analala kama dada yake, mdomo wazi kidogo. Pumzi inakwenda, inasita, inakwenda. Kila ikisita naweka penseli chini. Sijui kama huu ni usingizi wa kupona au ni ule mwingine. Namwomba Mungu kwa neno moja tu, maana mengine hayaji. Apumzike. Halafu naogopa, kwa sababu ndilo neno tunalowaombea waliokufa. Wewe, Mungu, unajua ninalomaanisha.

Gari bado.

Wingu limesimama juu ya bonde, jeusi. Ibada imekwisha. Mzee Leoleo anapanda na waumini kama saba, wengine wamekunja mikono ya mashati ya ibada, wamekuja kubeba boriti. Namsikia kabla hajafika: "Fundi, mbona kimya? Msumeno umekatika?"

Nimeinua kiganja. Amesimama, na wote nyuma yake wamesimama. Amemwona aliyelala. Ametazama midomo, ametazama miguu. Ametazama wingu, halafu akanitazama mimi.

Hajasema leo leo.

Ameanza kuvua koti. Sijui ni la kumfunikia mgonjwa au anataka kushika msumeno.