Chupa ya Maji ya Fort Jesus

Kabiria, Nairobi
Jumatano

Kwa shemeji yangu Masila,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi shemeji yako, yule unayesema hajui kuandika. Natumaini wewe, mkeo Mukonyo na watoto mko wazima, na kwamba kile kikohozi chako kimeona haya kikakuacha. Mvua huku imetunyeshea bila kuuliza mtu, na matope ya Kabiria yamerudi kama mgeni aliyesahau kofia. Sisi tunasukuma siku.

Kwanza nataka ujue kwamba nimeiteka Fort Jesus. Ndiyo, ile ngome ya Mombasa ambayo Wareno na Waarabu waliuana kwa miaka mingi wakinyang'anyana. Mimi Mwololo niliyeishia darasa la tano niliitwaa kwa alasiri moja, bila risasi, nikiwa nimevaa lile koti nililovaa kwenye harusi yako.

Haya, nimekudanganya. Niliingia kwa tikiti kama watu wengine, nikapanda ngazi kidogo, magoti yakakataa. Na muda wote huo mkononi nilikuwa nimebeba viatu vya dada yako. Hilo la viatu nitakueleza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu unayo. Simu inakaa kitandani kwa dada yako Nzisa, na ukipiga anaiweka sauti kubwa hadi kuku wa jirani wasikie habari zenu. Haya ninayotaka kukuambia hayafai kufika masikioni mwake. Kwa hiyo nimekuja kwa Wanjugu anayeuza chai, nimeazima kalamu yake, na barua nitampa Mwau anayekuja huko Kilungu Jumamosi kuangalia shamba lake. Isome peke yako. Mukonyo nampenda sana, lakini mdomo wake hauna kizibo.

Ulijua tulikuwa tunaenda hospitali kule Upper Hill. Usichojua ni siku ya mwisho ilikwendaje. Daktari wetu anaitwa Sejal, binti wa Kihindi mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu na chako tukiviunganisha. Alituketisha sote wawili akatuambia ugonjwa wa Nzisa umeingia kwenye ini na kwenye mifupa, kwamba kumchoma sindano zaidi ni kumsumbua bure, na heri apumzike nyumbani ale anachokipenda. Akatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Nilimuuliza amebakisha muda gani. Alivua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na uchafu wowote. Nzisa akamshukuru, akamwombea mume mwema, tukatoka.

Pale nje, kabla hatujavuka barabara, akaniambia madaktari wamemaliza zamu yao, sasa anataka nimpeleke kwa Yesu. Nikadhani anaongea habari za kaburi, nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Kumbe alimaanisha Mombasa.

Cheka tu, mimi mwenyewe nilicheka. Lakini sikiliza hesabu yake. Kwenye ushirika wa akina mama kila mmoja ana kichupa cha maji ya upako, yameombewa na mchungaji huyu au yule, na wanasema yanaponya. Basi Nzisa akajiuliza, kama maji yaliyoombewa ndani ya kanisa la mabati Kawangware yanainua watu vitandani, itakuwaje maji ya kisima kilicho ndani ya ngome ya Yesu mwenyewe? Nilimwambia Wareno walilipa jengo lile jina tu, kama kinyozi wetu alivyokiita kibanda chake Paradiso na bado anatukata masikio. Akaniambia mimi nimekuwa mpagani tangu siku aliyonifahamu, na kama si huruma yake ningekuwa nimeshaungua. Binti yetu Kavindu alikuja kutoka mtaa wa Satellite, akamtazama mama yake, akatukatia tikiti za treni.

Tulipofika langoni akavua viatu. Askari akamwambia mama avae, mawe yanachoma. Akamjibu kwamba hata Musa alivua, na Musa alikuwa mkubwa kuliko wao wote wawili. Ndivyo nilivyogeuka kabati la viatu.

Aliyetutembeza ni bwana mmoja wa makamo mwenye kofia ya kufuma, anaongea Kiswahili utadhani anaimba. Alituonyesha mizinga, akatueleza watu walivyozingirwa humo hadi njaa na maradhi vikawamaliza, na Waingereza walivyokuja baadaye wakapafanya jela. Nzisa alimngoja kwa heshima amalize mambo yake ya vita, ndipo akamuuliza Yesu alilala chumba kipi. Shemeji, bwana yule apewe nishani. Hakucheka. Alimwambia polepole kwamba Yesu mwenyewe hakufika pale, ila Wareno walikuwa na kanisa lao dogo humo ndani, na akatupeleka kwenye mawe yaliyobaki. Dada yako akapiga magoti juani. Mtalii mmoja akainua kamera kumpiga picha, nami nikainua kiatu. Kamera ikashuka. Hiyo ndiyo vita pekee niliyoshinda ndani ya ngome ile.

Halafu tukafika kisimani. Mwenyeji wetu akasema maji yake ni ya chumvi tangu zamani, yalikuwa ya kuogea tu, na siku hizi hayatekwi. Nzisa alikuwa amekuja na chupa ya sharubati aliyoichemsha na kuibandua karatasi. Akaketi kwenye jiwe, chupa mapajani, akitazama kile kisima. Sikuwahi kumwona hivyo hata siku ya Daktari Sejal. Uso ulikuwa unazimika nikiutazama.

Nikaichukua ile chupa. Nikamwambia nakwenda kuongea na bwana yule kiume. Nikapita kona, nikaijaza kwenye bomba lililo karibu na choo. Nilipokuwa narudi nikakumbuka ile chumvi. Nje ya lango kulikuwa na mama anayeuza maembe mabichi, nikamwomba chumvi kidogo, akanimwagia kwa ukarimu, kumbe chumvi yake imechanganywa na pilipili. Sikuwa na muda wa kuchambua. Nzisa akanywa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akanishika mkono akasema amesikia moto wa Roho. Nami niliyetaka kucheka sikuweza. Kwenye treni aliimba hadi watu wa behewa letu wakawa wanamchagulia nyimbo.

Ndiyo maana alikupigia kukuambia amepona. Anakula, analala, anatembea hadi mlangoni kufagia. Yote ni kweli. Na ndiyo maana nasikia umeshanunua ng'ombe wa sherehe ya shukrani, na kanisa zima la Kilungu linafua nguo.

Sasa shemeji, kaa chini.

Tuliporudi alikataa dawa ya daktari. Alisema kuinywa baada ya maji yale ni kumtukana Mungu. Maumivu yakarudi, akawa anauma blanketi ili nisimsikie, nami nalala pale pale karibu naye, nitaachaje kusikia? Nikavumilia nikashindwa. Nikaanza kuitia ile dawa ndani ya chupa, kipimo cha siku kama Daktari Sejal alivyoandika. Dawa ni chungu, kwa hiyo natia chumvi, na pilipili ninaisaga mwenyewe, maana niliposahau pilipili aliuliza moto umeenda wapi. Chupa ikipungua najaza maji ya mtungi. Dada yako hajaponywa na kisima chochote. Ananyweshwa dawa ya hospitali na mpagani.

Nilikwenda nikamweleza daktari. Alinigombeza kama mtoto. Alisema mtu mzima ana haki ya kujua kilicho ndani ya kikombe chake, nami nikakubali, nikaahidi. Nilipofika nyumbani nikamkuta anaimba akikunja nguo zangu. Bado sijamwambia. Daktari alisema jambo lingine pia, kwamba dawa ile inatuliza tu, haizuii kitu, na itafika mahali itazidiwa. Tumefika. Juzi aliniuliza kama tumemkosea Mungu, kwa sababu maji yanachelewa. Nilimjibu labda Mungu ana foleni. Alicheka, halafu akageukia ukuta.

Hakuna kupona, Masila. Nimeyatafuta maneno mengine nikayakosa.

Na kuna hili la kutisha zaidi. Amepanga kuja na chupa kwenye shukrani yako, amnyweshe kila mgonjwa tone, aanze na yule mtoto wa Kasyoka mwenye pumu. Dawa ile si ya mchezo. Mtoto akiinywa anaweza kulala asiamke. Nikimzuia nitalazimika kumwambia kwa nini, na nikimwambia nitakuwa nimemnyang'anya kila alichobakiwa nacho.

Wasalimie watoto na wazee wote wa huko. Mwambie Mukonyo nauliza ule uji wake kama bado unaungua chini.

Sasa nakuomba kitu kidogo, na ni haki yangu. Siku ile Mukonyo alipokutafuta kila mahali, nani alimwambia ulikuwa kwangu unanisaidia kupaka ukuta rangi? Ni mimi. Na ukuta nikaupaka peke yangu ili ushahidi uwepo, mgongo unaniuma hadi leo. Kwa hiyo una deni langu la uongo mmoja. Mpigie Nzisa umwambie ng'ombe wa huko wamewekwa karantini, hakuna kuchinja, shukrani imesogezwa mbele. Kisha panda uje, upesi, peke yako, kabla hajaacha kuimba. Akikumiminia maji yake usimeze. Lowesha midomo tu, ukohoe kwa nguvu, umwambie umesikia moto.

Ni mimi shemeji yako,
Mwololo, Baba Kavindu