Saa Mbili za Nani

Flemingdon Park, Toronto
12 Januari

Mwanangu Ella,

Mimi mzima. Magoti yananung'unika lakini hayajagoma. Wewe na mumeo Senad je?

Nakuandikia kwa ajili ya jiografia tu, usije ukadhani mengine. Tangu harusi yako hatujasemezana, na sasa nasikia kanisani kwamba mmehamia kwao Senad, Sarajevo. Ramani inaonyesha mji uliokaa bondeni kama kitumbua kikaangoni. Mimi nami dirishani naliona bonde la mto Don, ila humo hamna mji, mna barabara ya magari. Nieleze: mto wenu una maji? Nani alitangulia kukaa hapo?

Baba yako

Sarajevo
3 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, Senad anakusalimu. Mto unaitwa Miljacka, mwembamba, rangi ya chai ya maziwa. Milima imetuzunguka hata jua linachelewa kutuamsha. Watu wa kale walikaa Butmir, pembeni ya mji, maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Vyungu vyao walivichora mizunguko kama ya konokono. Warumi wakaja kwenye chemchemi za maji moto. Mji wenyewe ulianzishwa na gavana wa Kituruki. Leo misikiti, makanisa na sinagogi zinasikilizana kikohozi.

Harusini nilikuwekea kiti, Baba. Kilibaki kitupu.

Mwanao

Flemingdon Park
20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hao wa Butmir nimewapenda: mwenye nafasi ya kuchora konokono kwenye chungu, ujue kashiba. Warumi hawanishangazi, mwenye magoti huzijua chemchemi.

Habari za kiti tuziache. Niambie hili: ikiwa milima inalificha jua, watu wa huko wanajuaje saa?

Baba yako

Sarajevo
18 Machi

Shikamoo Baba,

Magoti yanasemaje? Nimekawia kwa sababu ya swali lako.

Kando ya msikiti mkubwa pana mnara wa saa. Juzi jua likizama nikautazama: mishale imesimama kwenye kumi na mbili. Nikamwambia Senad umeharibika. Akacheka. "Mzima huo. Hesabu ya zamani: jua likizama, kumi na mbili." Kuna mtu kazi yake ni kuurekebisha kwa mkono, ulifuate jua.

Baba, hiyo si hesabu yako? Nilikaa kwenye ngazi pale pale. Harusi ilikuwa mchana, na mimi nilikuandikia, "Jumamosi, saa mbili." Maneno ya Kiswahili, saa za Kizungu. Sikukupigia simu, nilidhani umesusa.

Ulikuja usiku?

Mwanao

Flemingdon Park
2 Aprili

Mwanangu Ella,

Marahaba. Nilikuja. Tai shingoni, mabasi mawili mpaka ukumbini kwenu Scarborough. Niliwakuta wafagiaji wanakunja viti. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umechelewa ya leo au umewahi ya kesho?" Akanipa keki. Nikadhani mmenikwepa, nikaona haya kuuliza. Wewe ukadhani nimesusa. Basi damu ni moja, wasitusumbue na vipimo.

Keki ilikuwa tamu.

Huo mnara nataka kuuona kwa macho, na huyo fundi wake nina maswali naye. Nimekata tiketi. Nafika Jumamosi ya pili ya Mei, saa mbili. Za nani, sikwambii. Wahi uwanja wa ndege, na uje na kiti.

Baba yako